Mke wangu anataka turudi kwao Mwanza, na kazi yangu iko Kondele

SWALI

Mama, pokea salamu zangu kutoka Kondele, hapa Kisumu.

Mimi ni fundi wa simu, nina miaka 34. Kibanda changu kiko kando ya barabara ya kwenda Kakamega na wateja wananijua kwa jina. Mke wangu ni Mtanzania, Msukuma wa Mwanza. Tulijuana Kibuye alipokuwa akija kuchukua mitumba, tukaoana kwa cheti, na sasa ni mwaka wa sita. Yeye ni fundi cherehani, anashonea nyumbani. Tuna binti mmoja, yuko Gredi ya 2.

Mwaka jana baba mkwe alifariki. Mama mkwe amebaki peke yake Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Ana kisukari na miguu inamsumbua. Mzee aliacha shamba kando ya barabara ya Musoma, na ndugu wamekubaliana kwa mdomo kwamba kipande kimoja ni cha mke wangu. Tangu tutoke matangani anasema jambo moja tu: turudi nyumbani. Mwanzoni nilidhani ni majonzi, yatapita. Hayajapita.

Basi nikaamua nisibishane kwa maneno matupu. Tulipokuwa kule Desemba niliandika bei ya kila kitu kwenye daftari. Hapa tunakaa vyumba viwili Manyatta, kodi ni 7,500. Tokeni za stima ni kama 1,500 kwa mwezi, na mfereji ukikauka tunanunua maji kwa mitungi. Shule ya binti ni ya kibinafsi, ndogo tu, karo 9,000 kwa muhula na chakula ni juu yetu. Sasa shemeji yangu anakaa Igoma, vyumba viwili na sebule, ua una ukuta na geti, kwa shilingi 80,000 za Tanzania. Kwa pesa yetu hiyo ni kama 4,200. Mchele, maharage, mafuta ya kupikia, nyanya, vyote ni bei ambayo hapa nilisahau zamani. Daladala haifiki shilingi arobaini zetu. Shule ya msingi ya serikali haina ada.

Mimi siku nzuri napata 1,500 hadi 2,000. Siku mbaya, 600. Nikiichukua hiyo pesa niiishie Mwanza, natumia nusu na nusu naweka. Hapa sijawahi kuweka nusu ya chochote. Halafu kuna hii hali yetu ya nchi. Maandamano ya 2023 yalipoanza, sisi wa Kondele ndio tulifunga kwanza na kufungua mwisho, na 2024 tukafunga tena. Mke wangu ananiambia kwao kuna amani, watu wanasalimiana njiani, hakuna mtu wa kukimbizana na polisi.

Kwenye Sacco nina akiba ya 280,000. Mpango wangu ulikuwa niuze kibanda na mashine, tuanze kujenga Kisesa, nami nifungue duka la simu Igoma au kule mjini Makoroboi. Rafiki mmoja ananiambia Wakenya wanafukuzwa kule. Mwingine anasema hakuna shida, andikisha kila kitu kwa jina la mke.

Baba yangu hataki hata kusikia. Mimi ni kifungua mimba, nina wadogo wawili wa kiume. Simba yangu, ile nyumba ya kijana ambaye bado hajajenga boma lake, iko kwake Nyakach mpaka leo. Alisema maneno machache tu: hakuna mwanamume wa ukoo huu aliyehamia kwa wakwe. Mama yangu akanyamaza.

Siku chache zilizopita nilimweleza mke wangu yote haya, kwamba nikienda nitakuwa mgeni, sina ndugu, sina wateja, hata vikao vya familia yake vinageuka Kisukuma nami nabaki kutabasamu. Akaniuliza: "Na mimi nimekaa kwenu miaka yote hii nikiwa nani?" Sikuwa na jibu. Kwetu pia wakikutana ni Kijaluo tupu. Tangu siku hiyo tunaongea kuhusu mtoto tu.

Niambie ukweli, Mama. Familia kama yetu itaishi vizuri wapi, Kenya au Tanzania? Naweza kufungua duka langu kule? Na baba nimjibu nini?

Baba Achieng, Kondele.

JIBU

Mwanangu, bei zako nazikubali. Anayevuka mpaka wa Sirari na mfuko wa Kenya huona tofauti kabla hajafika Tarime, na shilingi yetu moja ikiwa inabadilishwa kwa karibu 19 za kwao, kila kitu kinaonekana cha bure. Umefanya vizuri kuandika badala ya kukisia.

Lakini umechukua mapato ya Kondele ukayapeleka sokoni Mwanza. Hayo mapato hayavuki mpaka pamoja nawe. Ukibadilisha kioo cha simu hapa, ukitoa bei ya kioo chenyewe, unabaki na kiasi gani cha kazi ya mikono? Tuseme 500. Mteja wa Igoma anayelipa nyumba 4,200 hana hiyo 500 ya kukupa. Palipo na chakula cha bei nafuu na nyumba za bei nafuu, mkono wa fundi nao ni wa bei nafuu, kwa sababu fundi wa hapo anakula chakula hichohicho na kulala nyumba hizohizo. Kioo hakishuki. Kimetoka China, kimelipiwa kwa dola, na VAT ya kwao ni asilimia 18 wakati yetu ni 16. Kwa hiyo ile nusu ya kuweka uliyoiona daftarini ni ya mtu anayelipwa Kisumu na kula Mwanza, na mtu huyo si wewe utakayehama.

Kuna na hili la kodi. Muulize shemeji yako alilipaje ile 80,000. Mjini Tanzania mwenye nyumba mara nyingi hudai miezi sita kwa mpigo, wengine hudai mwaka. Miezi sita ni 480,000 za kwao, zaidi ya 25,000 zetu, mkononi, kabla hujanunua jiko. Fremu ya duka nayo huenda hivyohivyo. Wewe umezoea kumpigia landilodi tarehe tano na kumwomba asubiri hadi tarehe kumi. Nafuu ya Mwanza ipo, ila inamtaka mtu aanze na pesa nyingi kwa wakati mmoja, na mtu wa kipato cha kila siku huumia sana hapo.

Hayo bado ni madogo. Kubwa ni kwamba hulinganishi bei tu, unalinganisha unachoruhusiwa kuwa katika kila nchi, na hapo daftari lako halina hata mstari.

Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania alitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Zimo uwakala wa pesa kwa simu, saluni, uuzaji wa rejareja, uongozaji watalii, ununuzi wa mazao shambani. Na imo kazi yako, kwa jina lake: ukarabati wa simu na vifaa vya elektroniki. Mgeni akipatikana anaifanya, faini haipungui shilingi milioni 10 za Tanzania, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, na kibali chake cha kukaa kinafutwa. Serikali ya Kenya ililalamika, na kwa haki, maana Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki iliyoanza kutumika Julai 2010 ilituahidi kinyume cha hayo. Lakini malalamiko ya Nairobi hayatakusaidia siku afisa wa biashara atakaposimama mlangoni kwako Makoroboi.

Sasa yule rafiki wa "andikisha kwa jina la mke". Amri hiyohiyo inamgusa raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara iliyokatazwa: faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Huyo raia ni mke wako. Ukikaa wewe kwenye kiti cha ufundi na leseni ina jina lake, umemweka mama wa mtoto wako mbele ya hatari ambayo yeye kama mshonaji kwao hana kabisa. Ushauri huo ukatae, hata rafiki akuonyeshe watu kumi wanaoishi hivyo.

Labda ulitumaini ndoa itakufungulia mlango. Kwa mwanamke ingefungua: sheria ya uraia ya Tanzania ya 1995 inamruhusu mke mgeni wa Mtanzania kuomba uraia kwa ajili ya ndoa. Mume mgeni wa Mtanzania hana njia hiyo. Mimi naiona ni sheria isiyo ya haki, kwa sababu inamwambia binti wa Kisesa kwamba kaka yake anaweza kuleta mke nyumbani lakini yeye hawezi kuleta mume. Ila ndiyo iliyopo, na wewe unapanga maisha ndani yake. Unaweza kupata pasi ya mtegemezi ukakaa na familia yako, lakini pasi hiyo si ruhusa ya kufanya kazi. Njia safi iliyobaki ni kuajiriwa: kampuni ya huko ikuombee kibali cha kazi na cha ukaazi, na kwanza ionyeshe kwamba ujuzi wako hauko kwa Mtanzania. Fundi wa vioo na betri atashindwa kuonyesha hilo. Fundi aliyebobea kwenye bodi za simu, mwenye vyeti, ana nafasi kidogo.

Ardhi nayo ni hivyo. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na mgeni kama wewe hapewi hati ya kumiliki isipokuwa kwa uwekezaji uliosajiliwa. Nyumba utakayojenga Kisesa kwa ile 280,000 haitakuwa na jina lako, na kwa sasa haitakuwa hata na jina la mke wako, kwa sababu wamekubaliana kwa mdomo tu. Kabla ya tofali la kwanza, ndugu waende Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi, kipande kigawanywe kwa maandishi na mke wako apate karatasi yake. Hilo lifanywe hata kama hamhami kamwe. Ni haki yake kutoka kwa baba yake, na ndugu wanaopendana leo wanaweza kuacha watoto wasiojuana kesho.

Nije sasa kwenye swali la mke wako, ambalo umelitaja kwa mistari michache kisha ukakimbilia duka.

Kila unachoogopa kukipata Mwanza, yeye amekwisha kukipata Manyatta. Hana ndugu hapa. Vikao vyenu ni Kijaluo naye hutabasamu. Umeandika kwamba anashonea nyumbani, ukapita. Umewahi kumuuliza kwa nini hana kibanda kama wewe? Mgeni hafungui biashara Kenya bila kibali. Pasi ya mtegemezi haimpi kazi na huku pia. Kwa hiyo fundi wa nguo mwenye mikono yake miwili amekaa chumbani na cherehani, akipokea sketi za shule za majirani, na wewe umeona hiyo ni tabia yake ya kupenda nyumbani. Nakuambia kwa upole, kwa sababu barua yako ni ya mtu anayempenda mke wake. Lakini ulipomweleza jinsi utakavyoteseka kwao, ulikuwa unamsimulia maisha yake mwenyewe.

Na hili lina dawa ambayo hamjaitumia. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 inamruhusu mtu aliyefunga ndoa na Mkenya kwa angalau miaka mitatu kuomba ukaazi wa kudumu. Nyinyi mmevuka miaka hiyo zamani, na cheti cha ndoa mnacho. Ombi hupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Akiupata, anafanya kazi na anafungua kibanda chake bila kumwogopa mtu, na anabaki raia wa Tanzania. Hiyo sehemu ya mwisho ishike sana. Mkitimiza miaka saba ya ndoa, Katiba yetu, ibara ya 15, itamruhusu kuomba uraia wa Kenya. Watu watamshauri auchukue. Asiharakishe. Kenya inakubali uraia wa nchi mbili tangu 2010, Tanzania haikubali. Siku atakapokuwa Mkenya atakuwa mgeni kwa mama yake, na kipande cha Kisesa kinaweza kuingia taabani.

Binti yenu ndiye tajiri wa nyumba hiyo. Ni Mkenya kwa sababu yako, na ni Mtanzania kwa sababu ya mama yake, kwa kurithi, ingawa amezaliwa huku. Sheria ya Tanzania itamtaka achague akifika miaka 18. Mpaka hapo mwekeeni karatasi za pande zote mbili sawasawa, msimpunguzie mlango hata mmoja.

Shule yake ndiyo inayokupangia muda. Shule ya msingi ya serikali kule hufundisha kwa Kiswahili hadi mwisho, kisha sekondari inakuja kwa Kiingereza. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, ingawa michango ya chakula na sare haikosi. Binti wa Gredi ya 2 akihamia huko sasa atazoea, Kiswahili anacho cha mama yake. Akirudi hapa akiwa wa kuingia Gredi ya 7, atakutana na masomo karibu yote ya sekondari ya chini kwa Kiingereza na wenzake wameshatangulia. Za Kiingereza zipo Mwanza, za kulipia, na karo yake itakula ile nafuu yote ya mchele. Kwa hiyo mtoto huyu ahamishwe mapema na abaki, au asihamishwe. Kumpeleka na kumrudisha ndiko kutakakomuumiza.

Kuhusu amani, mke wako anasema alichokulia, na simlaumu. Wewe umefunga kibanda mara nyingi na moshi wa Kondele unaujua. Lakini siku ya uchaguzi wa Tanzania, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa siku kadhaa, Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje, na watu waliuawa. Nalitaja kwa huzuni, si kwa kushindanisha misiba ya jirani na yetu. Usihame kwa sababu hiyo, na usibaki kwa sababu hiyo.

Umeniuliza mtaishi vizuri wapi. Kwa kazi yako ilivyo na sheria zilivyo, wewe usihamie Mwanza. Akiba ya Sacco isiguswe kwa ajili ya Kisesa, na mashine zako zisiuzwe. Hilo nalisema bila kuyumba. Lakini kukaa Kondele kama mlivyokaa nako sikuungi mkono, maana jibu la "tubaki" likija peke yake, mke wako atasikia kwamba ameshindwa kesi.

Angalieni Migori, au Isebania penyewe. Nimeliwaza hili kwa muda na sioni kwa nini lisifae. Ni Kenya, kwa hiyo kazi yako ni halali na shule ya binti haibadiliki mtaala. Mpakani hapo Kiswahili ndicho cha soko, kati ya Wakuria, Wajaluo, Wakisii na wafanyabiashara wa Tarime, na mke wako hatakuwa tena mtu pekee asiyeelewa kikao. Nguo anazojua kushona zina wateja pande zote mbili. Simu huharibika Migori kama zinavyoharibika Kondele, na miezi ya kwanza utaumia kutafuta wateja, lakini utaumia ndani ya sheria. Na kutoka Isebania hadi Kisesa, basi halimalizi siku. Likishapita Bunda, Lamadi na Magu, anashuka kabla ya mjini, hana haja ya kufika stendi. Akipigiwa simu asubuhi kwamba mama amezidiwa, jioni yuko naye. Kutoka Kisumu lazima kwanza amalize Oyugis, Rongo na Migori ndipo aanze safari yenyewe. Apewe pasipoti iliyo hai muda wote, nawe uwe na yako, kwa sababu utaratibu wa kusafiri kwa kitambulisho ni wa Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo.

Wewe nenda kwanza peke yako, ukae angalau wiki, uulize kodi ya kibanda na uhesabu simu zinazoletwa kwa fundi aliyepo. Daftari unalo tayari, na safari hii andika mapato pia.

Mama mkwe naye asingoje mpaka mmalize kuamua. Mgonjwa wa kisukari mwenye miguu inayouma anahitaji mtu wa kumtazama nyayo kila siku, kidonda kidogo kisichoonekana ndicho humgharimu mtu mguu. Kikao cha ndugu kiamue nani analala naye, nani anampeleka kliniki, na matatizo yakizidi ni Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda yote ya Ziwa. Fungu lenu litoke kila mwezi kwa M-Pesa, inavuka mpaka bila taabu, na itumwe kutoka simu ya mke wako, kwa jina lake. Na kliniki ikiuliza bima, jueni kwamba SHA, bima yenu ya afya ya hapa Kenya, haimfuati mtu Mwanza, si yeye wala nyinyi.

Baba yako nimemwacha mwisho, na nadhani ndiye rahisi kuliko unavyoogopa. Sikiliza alichosema: hakuna aliyehamia kwa wakwe. Hajasema hakuna aliyekwenda Tanzania. Wajaluo wamejaa Musoma, Tarime na Mwanza yenyewe, na mzee anajua. Kinachomkera ni wewe kujenga kwenye kiwanja cha mke kabla hujatoka simba yake. Na una wadogo wawili. Kwa desturi yenu mdogo hamtangulii mkubwa kujenga boma lake, kwa hiyo kila mwaka unaokaa bila kutoka Nyakach, nao wamekwama nyuma yako. Huenda anawalilia hao, na anaona aibu kusema.

Mwendee ana kwa ana, na mke wako awepo. Mwambie Kisesa hujengi. Mwambie mnafikiria Migori, na umwombe akuonyeshe mahali pa boma lako hapo Nyakach na mwezi anaoutaka, kisha ile akiba ianze kazi hapo, hata kwa nyumba ndogo ya mabati. Zungumzeni kwa Kiswahili kikao chote. Mzee akianza kugeukia Kijaluo, wewe ndiye wa kumrudisha, kwa heshima, mbele ya mke wako.

Na leo jioni, kabla ya hayo yote, mwambie nauli yake na ya mtoto kwenda Kisesa likizo ya Agosti imeshatengwa. Kisha muulize anataka kibanda cha kushonea cha namna gani, umwache aseme mpaka amalize.